Foromaji ya Kurudi

Bantu ba Mushaki bananiitaka Munyakazi wa Hasira, na sikatai. Hasira niko nayo, tulizaliwa siku moja. Lakini muntu wa hasira naye anapendaka mutoto wake, tena mimi niko na mumoja tu, Emérita. Ile mwaka alipopata diplome yake ya État, ile ya kumaliza sekondari, nilikuwa nimekwisha kuchagua fasi atasomea mbele yeye mwenyewe aamuke ku kitanda.

Goma. Kwa nini Goma? Nitasema ukweli, na mwenye kucheka acheke. Ku mulango wa nyumba yangu, mbingu ikiwa safi, unaona Sake kule chini, unaona ziwa, na giza ikiingia unaona mataa ya Goma. Kazi yangu mimi ni kutengeneza foromaji, jibini ya maziwa ya ng'ombe. Kila mangaribi, nikisha kuosha masufuria ya maziwa, naweka kiti yangu mbele ya mulango na naangalia yale mataa. Basi nikajisemea: Emérita akisomea pale, taa moja kati ya ile yote itakuwa ya kwake. Bazazi bengine banauliza programe, banauliza baprofesa. Mimi niliuliza kitu moja tu, kama naweza kuiona nikiwa kwangu.

Nyuma ya nyumba ni fasi ya bibi yangu Pétronille, mama ya Emérita. Yeye si muntu wa hii milima. Nilimutoa Walikale, kule mu pori, kwa bantu ba mashamba na ba kuwinda, wakati nilikuwa bado kijana na nafuata makamio nikiuzisha foromaji. Tangu nilimuleta mu hii baridi, kila mangaribi anakaa kidogo nyuma ya nyumba ku kiti yake ya miti, anaangalia upande jua inaingilia. Hakuna kitu ya kuona kule. Ni milima, kisha ukungu, kisha ukungu ingine.

"Mama Emérita," nilikuwa namuuliza, "unaangalia nini? Ukungu?"

"Ukungu," ananijibu, na anaendelea kuangalia.

Nilikuwa nacheka na kurudia mataa yangu.

Basi, nikashuka na Emérita paka Goma tuone ile shule ya kuzalisha bamama, juu njo kazi alikuwa anataka tangu mudogo. Batoto bengine banachezaka muduka, yeye alikuwa anazalisha bambuzi. Shule ilikuwa muzuri kabisa. Nyumba ya etaji, madirisha ya vioo, mulinzi mwenye kofia. Mu auditoire banafunzi balijaa paka bengine balikuwa banaandikia ku magoti, bengine balisimama inje ku dirisha. Tukaonyeshwa mwanasesere wa plastiki wa kujifunzia kuzalisha. Alikuwa ndani ya kabati, na kabati ilikuwa imefungwa na kufuli.

Emérita akauliza kwa heshima, "Mama, tutaanza kushika mutoto wa kweli wakati gani?"

Ule mama mwenye kutuongoza akasema, "Ku mwaka wa tatu. Ikiwa hopitali iko na nafasi."

Mimi sikusikia vizuri, juu nilikuwa nimepanda ku baraza ya juu. Na nikaona nini? Mushaki! Mulima yetu, kabisa kabisa, na ile sehemu nyeupe ya njia yenye inapanda kutoka Sake. Nikapiga kelele mbele ya bantu bote.

"Emérita! Kuja uone! Kwetu!"

Akapanda, akaangalia. Aliangalia muda mrefu, nikafikiri mambo imekwisha. Kisha akaniuliza polepole, "Papa, nitakuja huku kusoma, ao nitakuja kuangalia mulima?"

 Nikamuambia twende tukakule.

Ku nyumba njo alitoa yote. Kumbe alikuwa na mashauri yake. Ndugu yake Falone, mutoto wa mama yake mudogo, alikuwa anasomea Walikale, ku shule moja ndogo kando ya hopitali. Nyumba ya mabati, banafunzi bachache, lakini tangu myezi ya kwanza banaingia mu maternite pamoja na masista na banashika kazi.

"Papa, Falone amekwisha kupokea batoto kwa mikono yake. Mikono yake, Papa! Na ataishi nani pamoja nami? Koko, mama ya Mama. Sitapanga nyumba, sitaishi na bantu nisiojua."

"Walikale!" nikasimama. "Kila muntu wa Walikale anatafuta kutoka aende Goma, weye unatoka karibu ya Goma unaenda Walikale? Kule kamio inakwama mu matope paka dreva anapanda mboga kando ya njia na anaivuna! Kule joto, kule malaria, kule bakiona foromaji banasema ni sabuni!"

"Mimi nilitoka kule," Pétronille akasema. Alikuwa anachambua maharagi, hakuinua macho. "Niko sabuni?"

"Sisemi weye. Nasema mbali. Diplome ya Goma hata Kinshasa banaijua. Na mutoto akigonjwa, napanda pikipiki, nafika mbele jua haijaingia. Akiwa Walikale nitafika na nini? Fimbo ya mbali haiuwake nyoka!"

"Kwani unataka kumusomesha, ao unataka kumupiga?"

Emérita akaficha mucheko mu kitambaa. Mimi nilikasirika vizuri, nikasema maneno mingi juu ya njia yenye inafungwa, juu ya bantu ba bunduki, juu ya mvua. Na haikuwa uongo. Njia ya Walikale ni mbaya, kila muntu anajua. Lakini Pétronille akanikumbusha kama njia ya Sake nayo imefungwa mara ngapi, na hatukuweza kushuka hata kununua chumvi, na mataa ya Goma ilikuwa pale pale inatuangalia. Kisha akaweka maharagi chini.

"Munyakazi. Wakati ulinichukua kwetu, ulipima mbali na karibu? Mama yangu ulimuuliza kama ananiona kutoka ku mulango yake?"

 Mimi, Munyakazi wa Hasira, nikatoka inje. Nikaenda kugeuza foromaji zangu.

Emérita akaenda Walikale. Njo ile siku sipendi kuelezea.

Kwetu, mu jamaa ya bantu ba foromaji, kuko desturi moja. Mutoto akitoka kwenda mbali, maziwa ya asubui ya ile siku haiuzishwe. Banaitengeneza foromaji moja, banaiweka ku ubao wa juu kabisa, na haikatwe paka yeye mwenyewe arudi. Tunaitaka foromaji ya kurudi. Muntu mwenye anabaki njo anaigeuza kila asubui na kuipanguza na maji ya chumvi, ili isioze upande moja. Baba yangu aligeuza ya kwangu. Sasa ilikuwa zamu yangu.

Ile asubui Emérita alikamua ng'ombe yeye mwenyewe, akamimina maziwa ku sufuria, akaniangalia nikitia dawa ya kugandisha.  Kisha Trésor akapiga honi chini ku njia. Trésor ni dreva wa kamio, anapelekaka birayi, vile viazi vya huku, na maharagi kwa bantu ba Bisie, kule banachimbaka madini, na anapitia Walikale. Emérita akapanda mbele, akafunga mulango wa kamio mara mbili juu haukamate, na bakaenda.

Siku za kwanza nilisema nitazoea. Wapi! Kila asubui nilikuwa nageuza ile foromaji na mikono inajua kama si kazi, ni kitu ingine. Emérita alikuwa na tabia ya kugonga foromaji na kidole, akisikiliza, kisha ananiambia, "Hii iko na shimo ndani, Papa." Na kweli, ukikata, shimo iko. Sasa mimi nagonga, na sisikii kitu. Ng'ombe nazo zilikuwa zinageuza shingo kila mara mulango ukilia. Mangaribi nilikaa mbele ya mulango na kuangalia mataa ya Goma, na ilikuwa mataa ya bantu bengine tu. Nilikuwa na hamu ya mutoto wangu, na hasira, ile dawa yangu ya kila siku, haikusaidia.

Njo nikatafuta akili.

Nilishuka Goma kuuzisha, nikapita ku ile shule ya etaji. Bakaniambia fasi ya Emérita bado iko, enskripsio inafunga mwisho wa mwezi. Nikarudi nikijua kitu nitafanya. Mutoto huwezi kumurudisha kwa maneno, zaidi mutoto wa Pétronille. Lakini tumbo inakumbukaka kushinda kichwa. Akisikia harufu ya nyumba, atafunga sac yake yeye mwenyewe.

Nikatoa foromaji ya kurudi ku ubao wa juu. Nikaifunga mu majani ya migomba, kisha mu kitenge. Pétronille akanikuta nikitoka nayo.

"Unapeleka wapi ile?"

"Kwa mwenyewe."

"Ah! Munyakazi! Foromaji ya kurudi haitokake mu nyumba! Ni yeye njo anaifuata, si yenyewe inamufuata!"

"Ya huyu itamufuata."

Aliniangalia, na nafikiri alielewa yote, juu aliachilia mulango bila kubishana tena. "Muntu muzima," alisema tu. Nikashuka ku njia na kumupa Trésor, nikamwambia aiweke karibu ya miguu yake, asiitupe nyuma na magunia.

Sasa sikiliza ujinga wa muntu wa baridi. Huku kwetu foromaji inakaa ku ubao myezi na myezi, inakuwa muzuri zaidi. Baridi inaichunga. Nimeishi na ile kazi maisha yangu yote, na haikuniingia mu kichwa kama kule chini iko joto. Foromaji njo foromaji, nilifikiri. Tena Trésor alikwama mu matope kule mbele ya Walikale, akalala pale na kamio yake, jua ikipiga mabati ya kabini, na foromaji yangu karibu ya miguu yake.

Telefone ililia mangaribi moja, nikiwa mbele ya mulango. Namba ya Emérita. Rezo ilikuwa safi, ningesema yuko mu jikoni.

"Papa, foromaji ilifika."

"Aah! Iko muzuri?"

 "Ilifika imetoka jasho, Papa. Imelegea, mafuta inatiririka, Trésor anasema kabini yake yote inanuka. Falone alisema tuitupe. Koko akakataa. Aliiweka mu kitunga, akaizamisha mu maji ya muto fasi ya kivuli paka asubui, ikashikana kidogo. Akasema mafuta ya ngazi, yale mawese yenye anatumaka kwa mama inafikaka Mushaki imeganda sawa jiwe, sasa foromaji ya Mushaki inafika kwake imekuwa maji, Mungu anacheza na sisi."

Nilitaka kucheka, lakini nikasikia sauti yake inapasuka.

"Nilikata kipande, Papa. Katikati ilikuwa bado muzuri. Nikaweka mu kinywa, na nikasikia nyumba yote. Nikasikia moshi, ng'ombe, ile asubui yenye nilikamua. Sikuweza kulala. Huku joto, Papa. Usiku hakuna baridi hata kidogo. Nimefunga sac yangu. Trésor anarudia huko kesho asubui." Alikuwa analia kabisa sasa. "Papa, useme tu. Weye useme nirudi, nitarudi. Nitaenda ku ile ya Goma."

Eh, bantu! Ile neno niliitafuta tangu siku kamio iliondoka, na sasa ilikuwa mu kinywa yangu, nilikuwa nabakiza kuitemea tu. Mbele yangu mataa ya Goma ilikuwa inawaka, mingi, kila moja inangoja. Pétronille alikuwa amesimama ku mulango na kikombe ya chai. Hakunionyesha kitu na macho, wala ndiyo, wala hapana.

"Unakula vizuri?" nikauliza, juu furaha ilinichanganya.

"Nakula."

"Leo ulishinda wapi?"

"Mu maternite." Akapenga kamasi. "Tulikuwa na mama moja, alitoka mbali, balimuleta ku tipoyi, kitanda ya kubeba ku mabega, kutoka ndani ya pori. Sista alikuwa anashugulika na mwengine. Akaniambia, Emérita, njo weye. Papa, mutoto alitoka hakulia. Alikuwa baridi mu mikono yangu, hakulia! Nikamupanguza mugongo na kitambaa, vile balitufundisha, napanguza, napanguza, Sista ananiambia usiache, usiache…"

"Kisha?"

"Akalia!" Sauti ikaruka paka nikatoa telefone ku sikio. "Papa, akalia! Kwa nguvu! Na mimi nikalia, na mama yake naye mwenye kuteseka akaanza kunicheka! Baadaye nikamupa kipande cha foromaji ale apate nguvu. Akatema. Akasema, Dada, hii sabuni ni ya nini?"

Sasa alikuwa anacheka. Nilisikia ile mucheko yake yenye inaanziaka mu pua, yenye haikuingia mu nyumba yangu tangu aende. 

"Nilikuwa nasema nini, Papa?"

Alikuwa amesahau. Sac ilikuwa karibu ya miguu yake, imefungwa, na alikuwa ameisahau. Na mimi njo nilikuwa wa kumukumbusha.

Pétronille alikuwa bado anasimama na ile kikombe. Nikafikiri ile auditoire, banafunzi banaandikia ku magoti, na kufuli ku kabati. Nikafikiri ku mwaka wa tatu, ikiwa hopitali iko na nafasi. Na mikono ya mutoto wangu ingekuwa mitupu ile miaka yote, ili mimi nikae ku kiti na kuangalia taa.

"Ulikuwa unasema juu ya foromaji," nikamwambia.

"Ndiyo. Papa, nirudi?"

"Urudi kufanya nini huku?" Hasira yangu, asante Mungu, ikanijia wakati nilikuwa naihitaji. "Huku tuko na bambuzi tu ba kuzalisha! Fungua ile sac, tosha nguo, zitaoza mu ile joto yenu. Na umwambie Trésor aende zake, hakuna muntu wa kubeba."

"Papa, umekasirika?"

"Nimekasirika sana."

Lakini machozi ilikuwa imefika paka ku ndevu, na nafikiri aliisikia, juu alingoja kidogo mbele ya kusema.

"Koko anakusalimia. Anasema, mwambie Munyakazi, sasa tuko sawa."

Rezo ikakatika, ao yeye njo alikata. Nilibaki nashika telefone. Pétronille akaniwekea chai mu mukono, haikuwa tena moto, na nikainywa yote.

Asubui yenye ilifuata, nilitengeneza foromaji ingine kwa maziwa ya kwanza, nikaiweka ku ubao wa juu. Pétronille akaniona. Akasema desturi inataka maziwa ya siku ya kuondoka, si ya siku mingine. Nikamujibu kama kwangu mimi, Emérita ameondoka jana.

Na ile mangaribi, nikisha kuosha masufuria, nikabeba kiti yangu. Nilizunguka nyumba nayo. Pétronille alikuwa ku fasi yake, amejifunika kitenge juu ya baridi. Nikaweka kiti yangu karibu ya yake. Hakushangaa. Alisogea tu kidogo, sawa muntu mwenye alikuwa amenichungia fasi.

Tukakaa. Milima, kisha ukungu, kisha ukungu ingine.

"Papa Emérita," akasema nyuma ya muda, "unaangalia nini?"

"Ukungu," nikasema.

Hakucheka. Mimi nilimucheka miaka yote, yeye hakunicheka hata mara moja.

"Nionyeshe," nikamuomba. "Walikale iko wapi kabisa?"

Akakamata mukono yangu, akainyoosha pamoja na ya kwake, akaishusha kidogo, akaisogeza upande wa kushoto, paka vidole vyetu vikafika fasi moja mu ile weupe.

"Pale," akasema.

Hakukuwa na taa hata moja. Nikaendelea kuangalia.